Jiko la Kuchomea Daftari

Mheshimiwa mgeni rasmi. Mkurugenzi wetu, Ndugu Dismasi. Profesa Bariki, ambaye picha yake nyuma yangu ni kubwa kuliko yangu ingawa anayestaafu ni mimi. Ndugu Gaudensi, Mwenyekiti wa Kamati ya Uhakiki, pamoja na wajumbe wako mliowahi viti vya karibu na feni. Baba Paroko na Sheikh wetu. Wafanyakazi wenzangu wa Kituo cha Nyaraka na Utafiti wa Ziwa. Majirani zangu wa Gungu, jamaa wa Ujiji, na ninyi wa kwetu Ilagala mliokuja kwa boti mkalowa. Na ninyi wageni kutoka kambi ya Nyakirembe, mliosimama kule nyuma kwa sababu kiti ni kwa mwenye kadi: shikamooni wakubwa, asalaam aleikum, tumsifu Yesu Kristo, mwakeye.

Naitwa Honorata. Ratiba mliyoshika imeandika "Afisa Mwandamizi wa Mawasiliano ya Jamii". Msishtuke, cheo hicho nimekipata Jumatatu ili kadi ipendeze. Kazi niliyoifanya kwa miaka thelathini na mitatu ni ukalimani. Mtafiti anauliza, mimi nalipeleka swali kwa Kiha au kwa Kirundi. Mkimbizi anajibu, mimi narudisha jibu kwa Kiswahili. Na mtafiti anaandika kitu cha tatu.

Nimepewa dakika kumi. Baada yangu kuna keki, na baada ya keki kuna jambo ambalo ratiba imeliita "Kuteketeza Rasmi". Kwa wale mnaojiuliza kwa nini kuna jiko la mkaa mbele ya meza kuu, na kwa nini Dainess wa masjala amekuwa akilipepea kwa kipande cha boksi tangu saa tisa hadi nywele zimejaa majivu, ngoja nieleze.

Watafiti wana desturi yao. Mtu akishawaambia habari zake, wanalificha jina lake kitabuni. Wanamwita Bi. A, au Mzee B, kwa usalama wake. Jina la kweli linabaki kwenye daftari moja tu, na daftari hilo linatunzwa na mkalimani, na mkalimani anaapa. Siku anapostaafu, kanuni ya Kituo inasema daftari lichomwe mbele ya mashahidi. Msicheke, kanuni hiyo ilikuwa na maana. Kulikuwa na miaka, pande zote mbili za ziwa, ambapo jina la mtu kwenye karatasi lilitosha kumtoa mtu uhai. Nimelitunza daftari hilo kwenye debe la unga, na wezi wawili walioingia kwangu walichukua redio na unga wakaliacha.

Lile pale mezani, mbele ya Mkurugenzi. Tutalifikia. Lakini kabla ya moto nina habari ya mwanamke mmoja, na naomba mnivumilie, maana yuko humu ndani na Alhamisi hii ana kesi.

Jina lake ni Rozalia. Anaishi kambi ya Nyakirembe. Alhamisi saa nne asubuhi, Kamati ya Ndugu Gaudensi itaamua kama abaki nchini au aondoke. Yeye anataka kubaki. Kamati imewagawa watu mafungu matatu. Waliokuja mwaka wa sabini na mbili, wakikimbia mauaji ya ng'ambo ya mpaka, watapewa karatasi, wabaki. Waliokuja mwaka wa tisini na tatu na baada yake watapanda meli, warudi. Fungu la tatu ni la wale ambao hawakuja kabisa, yaani wenyeji waliojipenyeza kambini kufuata maharage ya msaada. Hao watafutwa kwenye orodha, nyumba zao zitabomolewa, na watarudi vijijini kwao. Sasa jamani, Rozalia yumo katika mafungu yote matatu. Hakudanganya fomu yoyote. Ameingizwa humo na vitabu vyetu, vile vinne mnavyoviona kwenye kabati la kioo pale mlangoni, vimepambwa na maua ya plastiki.

Kitabu cha kwanza. Mwaka ni wa sabini na saba, mimi nina miaka ishirini na miwili, nina mwezi mmoja kazini. Akaja mtafiti kutoka mbali sana, mtu mwema, mrefu, ambaye kijijini walimwita Bwana Mvua, na mtaona kwa nini. Wakati ule wakubwa hawakutaka kuwaudhi majirani wa ng'ambo. Kibali chake kikaja na karatasi ya masharti. Sharti la nne lilisema: neno "vita" lisitumike, wala "mauaji", wala "kukimbia", mahali pa maneno hayo litumike neno "hali ya hewa".

Basi tukaenda Ilagala, ambako Rozalia alikuwa akilima muhogo jirani na mama yangu. Nikaketi kwenye kigoda, nikamwuliza, "Dada, hali ya hewa ilifika kwenu lini?"

Akanitazama. Akasema, "Jumamosi, alfajiri."

"Ilitokea upande gani?"

"Barabarani. Ilikuwa kwenye malori mawili."

"Ilikuwa kali?"

"Ilivunja mlango kwa kitako cha bunduki."

Bwana Mvua aliandika yote. Kisha akaniuliza kwa upole, "Hayo malori mawili, ni kipimo cha mvua cha kienyeji?" Nikamtazama yeye, nikalitazama sharti la nne. Nikasema, ndiyo.

Rozalia akaniinamia, akaniuliza kwa Kiha, "Honorata, huyu anataka nini hasa?" Nikamwambia, "Anataka mvua, dada." Akasema, "Basi mpe mvua. Ametoka mbali." Mnaomjua Rozalia mnajua tabia yake: mtu akibisha mlangoni kwake lazima aondoke na kitu. Ukija kuomba chumvi utapata chumvi. Ukija kuomba mvua, haya, utapata mvua. Na ndivyo kitabu cha kwanza kilivyosema, kwamba Bi. M, mkulima, alihama kwao baada ya mvua kubwa mbili. Mwaka ule kule kwao, tuseme ukweli, kulikuwa na jua tu.

Kitabu cha pili, mwaka wa themanini na sita. Upepo umebadilika. Sasa hakuna anayetaka mvua; wakubwa wa vyuo wanataka mkulima anayepambana. Akaja Bwana Ngumi. Tulimwita hivyo kwa sababu hakuwa akiamkia, alikuwa akiinua ngumi, na mama yangu, Mungu amrehemu, siku ya kwanza alidhani anapigwa akakimbilia jikoni. Huyu alikuja na hitimisho lake limeshapigwa taipu. Alichokosa ni mdomo wa kulisemea.

Akamwuliza Rozalia, "Ulipovuka, ulibeba nini kikapuni?"

"Mbegu za maharage."

"Na chini ya mbegu?"

"Mbegu nyingine."

Bwana Ngumi akatabasamu, akaandika nusu ukurasa. Nikamwambia, "Ndugu, ni mbegu tu." Akanijibu kwa ukali, "Usimnyang'anye historia yake!" Haya. Kitabu cha pili kina Kamaradi K., mwanamke shupavu aliyevusha nyaraka za mapambano chini ya mbegu za maharage. Rozalia hakujua kusoma. Alipoelezwa alicheka hadi akashika ukuta, kisha akauliza kama yule bwana alifika kwao salama.

Kitabu cha tatu, mwaka wa tisini na nane. Hapa habari si ya kuchekesha sana, kwa sababu zilikuwa zimeshakuja siku za kuwakusanya wageni vijijini na kuwaweka kambini. Rozalia alitolewa Ilagala muhogo ukiwa haujakomaa, akapelekwa Nyakirembe. Huko akaja dada mmoja mpole, mwenye kofia pana, na fomu yake. Waliomtuma walikuwa wamekata shauri kwamba ya sabini na mbili yamekwisha, watu wa zamani wameshamaliza kukimbia, na kwamba mkimbizi ni yule wa tisini na tatu. Swali la kwanza la fomu lilikuwa hili: "Ulipofika mwaka wa tisini na tatu, ulijisikiaje?"

Rozalia akasema, "Tisini na tatu nilikuwa Ilagala, napalilia."

Yule dada akatafuta kisanduku cha kupalilia. Hakukiona. Akageuza fomu, akatazama nyuma. Akaanza kulengwa na machozi, maana ilikuwa siku yake ya mwisho na fomu ilikuwa tupu. Rozalia akanigeukia, "Huyu anataka nini?" Nikasema, "Tisini na tatu." Akasema, "Mpe. Mtoto wa watu amekuja na jua lote hili." Ndiyo kitabu cha tatu kikampata Mama T., aliyewasili mwaka wa tisini na tatu akiwa na hofu ya wastani.

Sasa Profesa Bariki. Profesa, usishuke kwenye kiti, nakuja kukusifu.

Kitabu cha nne ni chako, cha mwaka wa elfu mbili na saba, na ni kizuri, kina picha za rangi. Mnakumbuka mwaka ule majukwaani kulikuwa na maneno kwamba kambi zimejaa wenyeji. Kituo chetu kikaombwa kufanya utafiti utakaothibitisha. Naomba mlisikie vizuri neno hilo: haukuombwa utafiti utakaochunguza. Profesa alikuwa mgeni Kigoma, ametokea milimani kule kwenye baridi, lakini alijituma kuliko wote. Alisema mkalimani anaziba njia kati ya msomi na ukweli, kwa hiyo mimi nikae tu pembeni nifukuze kuku.

Rozalia alimpokea kwa "mwakeye". Akamtengea ugali wa muhogo, na migebuka, samaki wa ziwa letu, iliyoungwa kwa mawese. Akazungumza naye Kiha kilichonyooka. Na Profesa, kwa jicho lake kali, akaunganisha mambo: anaamkia kama mwenyeji, anasema kama mwenyeji, anapika kama mwenyeji. Ukurasa wa mia moja arobaini na moja una kichwa kinachosema "Ushahidi wa Mapishi". Pale imeandikwa kwamba Bi. Z ni Muha wa mwambao ambaye hakuwahi kuvuka mpaka wowote. Profesa, ningependa kuongeza maelezo madogo chini ya ukurasa huo. Yule mwanamke alikaa Ilagala miaka ishirini na mitano. Aliyemfundisha kuunga migebuka ni mama yangu. Lugha ya kwao na ya kwetu zinasikilizana hata mkizitenga kwa ukuta katikati. Na ushahidi huo wa mapishi uliula wote, ukaongezewa mara mbili, kwa hiyo hakuna mtu mwingine anayeweza kuuhakiki.

Nafurahi unacheka. Wengine wangenuna.

Miaka miwili iliyopita tuliitwa kwenye mkutano wa wasomi, nchi ya mbali, ukumbi una zulia hadi ukutani. Mimi nilichukuliwa nibebe picha. Waandishi wote wanne walikuwepo, Bwana Mvua akiwa mzee sasa na fimbo yake. Walibishana siku mbili. Mada ilikuwa: je, Bi. M, Kamaradi K., Mama T. na Bi. Z wangeweza kuishi pamoja? Bwana Ngumi alithibitisha kwamba Kamaradi K. angemdharau Bi. M kwa kukimbia mvua. Profesa wetu akathibitisha kwamba Bi. Z asingemkaribisha Mama T. jikoni kwake. Dada wa kofia alisema Mama T. ana hofu ya wastani, asichokozwe. Likatoka azimio namba saba, limechapishwa: kwamba wanawake hawa wanne wanawakilisha makundi yenye uhasama wa kihistoria, na haishauriwi kuwaweka nyumba moja.

Katika ukumbi ule ni mimi peke yangu niliyejua kwamba wanalala kitanda kimoja, chandarua kimoja, na kandambili wanavaa jozi moja. Nikanywa maji. Nilikuwa na kiapo.

Na hapa ndipo mzaha unapoishia, Ndugu Gaudensi, kwa sababu azimio lile lilikuja hadi mezani kwenu. Mwezi uliopita Rozalia alifika mbele ya Kamati mara ya kwanza. Nilikuwepo, nilifasiri. Katibu wenu alilisoma azimio, akasema vitabu vinatofautiana, hivyo Kamati imeamua kufuata kilicho kipya zaidi, na kilicho kipya zaidi, chenye picha yake ya rangi, kinasema mama huyu hakuja.

Rozalia akasema, "Basi fungueni cha zamani. Bi. M ni mimi."

"Unathibitishaje kwamba ni wewe?"

"Mwulizeni Honorata, huyo hapo."

"Honorata ana kiapo. Na jina la Bi. M limefichwa kwa ajili ya usalama wako, mama. Tukikubali kwamba Bi. M ni wewe, tutakuwa tumekuhatarisha."

Kwa hiyo, ili asihatarishwe, afutwe kwenye orodha, abomolewe nyumba, na arudi kijijini kwao. Kijiji gani? Kamati haikusema. Ndugu Gaudensi, nilikuona ukijikuna kichwa siku ile, na nilipokuona unajikuna nikapata tumaini kidogo. Mtu anayejikuna bado anasikia.

Nilikwenda kwa Mkurugenzi. Ndugu Dismasi ni mtu wa taratibu na alinipokea vizuri. Aliniambia niandike barua ya kuomba kufungua daftari, na barua hiyo itajibiwa katika kikao cha robo mwaka, yaani wiki mbili baada ya daftari kuchomwa. Nikamwambia, sawa Mkurugenzi. Nikaandika barua. Nakala ninayo.

Sasa niseme langu, maana nimewasema watu wote humu ndani isipokuwa mtu mmoja. Ni nani aliyekubali kwamba lori ni kipimo cha mvua? Ni nani aliyemwambia Rozalia "anataka tisini na tatu"? Watafiti walikuja na shida zao, wengine na masharti yao, lakini walipofika mlangoni walinikuta mimi. Nilikuwa nimekaa katikati na ninajua pande zote mbili. Nilijiambia ni maneno tu, ni vitabu tu, vitasomwa huko kwao, na jioni nilikuwa nikiwasimulia shangazi zangu tukicheka. Sikujua kwamba siku moja maneno yale yatarudi Kigoma yakiwa yamevaa jalada gumu, yakae kwenye kiti cha mbele, yamhukumu mwenyewe. Dada Rozalia, nisamehe. Nakuomba hivyo mbele ya watu hawa wote, na sina cha kujitetea.

Dainess, endelea kupepea mwanangu, tunakaribia.

Mkurugenzi, naomba ulifungue daftari. Hapo hapo mezani, usiogope. Fungua tu.

Usitafute chini ya meza, Ndugu Dismasi, hakikudondoka kitu. Ni jalada. Hakuna karatasi hata moja ndani.

Mheshimiwa mgeni rasmi, tafadhali ketini, sijavunja kiapo. Kiapo changu kilisema sitatoa jina la mtu kwa mtu mwingine. Hakikusema nisimrudishie mtu jina lake. Likizo yangu ya mwisho ilikuwa ya wiki nne. Nimeitumia kwa bodaboda, kwa boti na kwa miguu, kutoka Ilagala hadi Kagunga, na kambi zilizo kati. Kurasa zilikuwa mia mbili na kumi na mbili. Kila mwenye ukurasa wake nimemkabidhi mkononi, nikamwambia, huu ulikuwa wako, tuliuazima, ukitaka utunze, ukitaka uchome. Waliokufa nimewapa watoto wao. Wale ambao sikuwapata, walikwishavuka wala hawana mtu huku, kurasa zao nimezichoma mwenyewe nyumbani Gungu, na nilipikia maharage, kwa hiyo kanuni imetimizwa kwa sehemu.

Mzee mmoja pale Kagunga alipoupokea ukurasa wake alisoma kwa muda mrefu, halafu akaniuliza, "Kumbe nilisema haya?" Nikasema, ulisema. Akasema, "Mawe, mama yangu! Mbona kitabuni nilikuwa mvuvi?"

Umebaki ukurasa mmoja. Huu hapa, ulikuwa kwenye pochi yangu. Mwenyewe alikataa kuuchukua kule kambini. Alisema karatasi aliyopewa uchochoroni inaweza kupotea uchochoroni, na kwamba huu atapewa mbele ya watu na usomwe kwa sauti. Nilimwuliza mara tatu kama ana hakika. Mara ya tatu alinigombeza.

Kwa hiyo naomba, kwa heshima zote: Bi. M, Kamaradi K., Mama T. na Bi. Z, tafadhalini simameni mbele ya hadhara hii.

Yule pale, mwenye kitenge cha kijani. Wajumbe, msigeuke mlangoni, hakuna mwingine anayekuja.

Nasoma. "Ukurasa wa kumi na saba. Tarehe tisa Agosti, elfu moja mia tisa sabini na saba. Jina la kweli: Rozalia. Jina la kitabuni: Bi. M. Alivuka kwa miguu, akafika Kagunga mwezi Mei, mwaka wa sabini na mbili. Mzigo: mbegu za maharage. Maelezo ya mkalimani, ambayo mtafiti hakuyahitaji: alikuwa na mtoto mgongoni, Agnesi, wa miezi minane. Mtoto alifia mgongoni kwenye mteremko wa kushukia Kagunga, na mama hakujua mpaka alipofika chini akamfungua. Amezikwa juu ya kijiji, penye jiwe jeupe." Muhuri wa Kituo. Sahihi ya mtafiti. Sahihi yangu, kwa mwandiko wangu wa usichana.

Vitabu vile vinne vikijumlishwa vina kurasa zaidi ya elfu moja. Nimezipitia zote kwa kidole, moja baada ya nyingine. Agnesi hayumo. Hakuwa mvua. Hakuwa mapambano. Hakuwa wa tisini na tatu, na hakuwa mapishi. Hakumsaidia mtu yeyote kuthibitisha chochote, basi hakuandikwa. Na kila mwezi Mei, tangu Ilagala hadi leo, huyu mama anapanda boti kwenda Kagunga kupalilia pale kwenye jiwe. Tangu awekwe kambini anaomba kibali cha siku mbili, na kwenye sababu ya safari anaandikiwa "kilimo". Mkimpandisha meli Alhamisi, hatapalilia tena. Mkimfuta kwenye orodha, kibali atakiomba wapi?

Niliwaambia alikuwa akiniuliza swali moja kila alipokuja mgeni: huyu anataka nini? Wamekuja watu wanne na vinasa sauti, ikaja Kamati na mafaili, nikaja mimi nikakaa miaka thelathini na mitatu. Hakuna hata mmoja wetu aliyemgeuzia swali hilo. Kwa hiyo namwuliza sasa, mkiwa mashahidi. Dada Rozalia, wewe unataka nini?

Mmesikia, mnaojua Kiha. Baba Paroko, nakuona unafuta miwani. Kwa wengine nafasiri, ni mara yangu ya mwisho na leo sipunguzi neno: "Nataka Mei nikampalilie mwanangu. Na mgeni akija nyumbani, nimpikie bila kuandikwa."

Ndugu Gaudensi, hayo ndiyo yote anayotaka. Ukurasa anakuletea mwenyewe, yule anakuja, tafadhalini mpisheni njia hapo kwenye spika, angalieni waya. Utie sahihi ya kupokea, hapa, mbele ya watu, ili Alhamisi asiwepo wa kusema haukufika. Kalamu? Shika yangu, nimepewa zawadi leo, haijatumika.

Unaandika vizuri. "Nimepokea kutoka kwa Bi..." Mbona kalamu imesimama? Unatafuta herufi?

Andika Rozalia.

Ego, ndiyo. Hivyo hivyo. Na tarehe.

Mheshimiwa mgeni rasmi, nimezidisha dakika, nakiri. Dainess, huo mkaa usiende bure; kuna mahindi mabichi kwenye kikapu changu chini ya meza, anza na ya wale waliosimama nyuma. Jalada mkitaka lichomeni, ni la kwenu. Nawashukuru watafiti wote, walionifundisha kazi. Nawashukuru wa kwetu kwa boti na kulowa kwao. Namshukuru mama yangu, aliyemfundisha mgeni kuunga migebuka. Na kwa kunisikiliza, na kwa kuwapisha akinamama wanne wapite kwa miguu miwili, asanteni sana.